Kuni za Mama Darini

Mama aliniomba dari, nikampa.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkono mmoja kwenye kipandio cha kwanza, akaniuliza kama angeweza kupandisha kuni zake huko juu, kando ya bomba la jiko, zipate kukauka. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilijua jambo moja kuhusu bomba lile ambalo yeye hakulijua, na ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nikasema, "Weka tu, mama. Nyumba ni yako."

Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na bado naukumbuka wepesi wa jibu langu. Sikusita. Sikuweka hata kikombe chini.

Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa Naro Moru, katika mojawapo ya mashamba ya wazungu yaliyokatwa vipande baada ya uhuru na kugawiwa watu wetu kwa mkopo. Kipande changu kilikuwa na nyumba ya meneja wa shamba. Haikuwa ile nyumba kubwa ya mwenye shamba. Ilikuwa ndogo, kuta zake za mawe hadi kiunoni, kisha mbao za mtarakwa kutoka hapo hadi juu, na paa la vigae vya mtarakwa uliokauka mpaka ukawa na rangi ya jivu. Katikati ilisimama dohani ya mawe. Ilianzia kwenye meko ya sebuleni, ikapita darini na kutokeza juu ya paa. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na siku hizo hilo lilitosha kukufanya mtu wa kusalimiwa kwanza, na nyumba ile iliniongezea kimo. Watu walipita njiani wakinyoosha kidole: pale kwa karani, penye moshi wa mzungu.

Mama alikuwa bado Kangema, kwa kaka yangu. Baba alikufa wakati wa hali ya hatari, na tangu hapo kaka, aliyekuwa mkubwa wetu, ndiye aliyekaa naye. Lakini kwetu mama huzeeka kwa kitinda mimba wake, na kitinda mimba nilikuwa mimi. Kaka hakunidai jambo hilo. Watu ndio waliouliza, kanisani na sokoni, kwa nini karani mwenye nyumba ya mawe anamwacha mama yake kwa ndugu mwendesha lori. Nami nilitaka aje, si kwa ajili ya maneno ya watu tu. Wakati nilipokuwa shuleni, yeye alikuwa akimenya magome ya miti ya miwati na kuyabeba mgongoni kwenda kuyauza ili nisifukuzwe kwa kukosa karo. Nilitaka nimwone ameketi kwangu, amestarehe, hana mzigo mgongoni. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu kama hiyo.

Alikuwa na sharti moja. Hakuwahi katika maisha yake kulala mahali ambapo hapakuwa na moto chini ya paa lilelile. Nilipokwenda kumbembeleza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba baridi ya Naro Moru anaijua, na kwamba hawezi kuwekwa ndani ya sanduku la mbao kama viazi vya mbegu. "Kukiwa na moto nitakuja, baba. Kusipokuwa na moto niache hapa." Aliniita baba kwa sababu nilibeba jina la baba yake, na neno hilo likitoka kinywani mwake sikuweza kumkatalia kitu.

Meko ya meneja hayakufaa. Yalikuwa shimo la chini, jembamba, linalokula gogo zima na kupasha joto mawe tu, na upepo wa mlima ukigeuka moshi wote ulirudi sebuleni. Huwezi kupika humo. Kaka ndiye aliyepata dawa. Kulikuwa na mnada Nyeri, mzungu mmoja akiuza vyombo vyake kabla ya kuondoka nchini, na kaka akanunua jiko la chuma la kuni, zito, lenye miguu iliyopinda na mlango mdogo mbele. Alilileta kwa lori lake, akalishusha pamoja na vijana wa jirani huku akiwatania kwamba jiko hilo limezoea mikate na sasa litafundishwa githeri, mahindi kwa maharage.

Tukaita fundi kutoka Nanyuki, mtu wa mabati na mabomba, Mwislamu mcheshi aliyefanya kazi akiimba kidogo kidogo. Wazo letu lilikuwa rahisi: dohani ipo, basi bomba la jiko liingizwe humo na moshi utoke kwa njia ileile ya zamani. Fundi akalala chali ndani ya meko, akatazama juu, akatoka na masizi usoni. Koo la dohani lilikuwa limebanwa kwa mawe likawa ufa tu, bomba halingepita. Akagonga ukuta juu ya meko ili atoboe hapo, akakuta ndani ya mawe kuna gogo la mtarakwa limelala, ndilo linaloshikilia ukuta. Hapo napo hapatobolewi. Njia iliyobaki ilikuwa kulipandisha bomba mbele ya dohani, lipite kwenye mbao za dari, kisha kule juu likunjwe na kuingia dohani kupitia tundu jipya.

Alitoboa mbao za dari, kisha akasimamisha kazi. Aliponiita nipande, alinionyesha boriti nene iliyopita kando ya tundu lake. Upande mwingine bomba lingekuwa na nafasi tele. Upande wa boriti aliweka mkono wake, akakunja kidole kimoja baada ya kingine mpaka vikabaki vitatu.

"Karani, hapa kunatakiwa shubiri nzima," alisema. "Wewe una vidole vitatu."

Nikamuuliza dawa yake. Akasema boriti ikatwe, iundwe fremu ya kulizunguka bomba, na kwa hiyo nusu ya mbao za dari zishuke na seremala aitwe. Hiyo ilikuwa kazi ya wiki nzima, na kaka alikuwa amekwisha kupanga kumleta mama Jumamosi, pamoja na kuku wake na mbegu za magimbi. Nikawaza mama akifika akute dari imefumuliwa na jiko limelala uani. Angepanda lori lilelile akarudi.

"Mzungu aliacha shubiri kuzunguka dohani yake," fundi akasema tena, bila kulazimisha.

"Mzungu alikuwa na wakati," nikamjibu, na kaka, aliyekuwa chini akishika ngazi, akacheka kwa sauti.

Fundi akakunjua debe, akaligongomea bati lake kwenye boriti, upande wa bomba, akasema hiyo itasaidia. Tuliujua wembamba wa nafasi ile watu watatu: fundi, kaka na mimi.

Mama alikuja Jumamosi. Alilizunguka jiko kama mtu anayenunua ng'ombe, akaligusa, akainama akachungulia mlangoni. Alisema ni kijumba cha moto, na kwamba moto uliofungiwa humo hauna raha kwa sababu hauoni watu. Kwa hiyo aliuacha mlango wazi kila alipoketi mbele yake, na makaa yakawa yanaanguka sakafuni mpaka nikamwekea bati. Lakini alibaki. Kila Jumapili alisema atarudi Kangema mvua ikipungua, na mvua ilipopungua akasema atarudi maharage yakivunwa, nami nilikaa na wasiwasi kama mtu aliyeazimwa kitu.

Kilichomsumbua kilikuwa kuni. Ukungu wa kule hauishi. Gogo ukiliacha uani linafyonza maji kama sifongo. Kuni mbichi ndani ya jiko zilitoa moshi mzito, na bomba likaanza kutiririsha maji meusi kwenye maungio. Nyumbani Kangema, kama katika kila nyumba ya mama niliyoijua utotoni, juu ya mafiga kulikuwa na itara, kichanja cha fito ambacho kuni hulala juu yake zikifukizwa na moshi mpaka zinalia kama vyungu ukizigonga. Itara ndiyo ghala la mwanamke. Mgeni akiingia hutupa jicho juu, na kutokana na anachokiona anajua kama mwenye nyumba ni mvivu. Mama alitazama juu kwangu akaona mbao laini zilizopakwa rangi nyeupe. Akafuata bomba kwa macho mpaka lilipopotelea, akaniuliza joto lote lile linakwenda wapi.

Siku chache baadaye nilimkuta penye ngazi, na akaniuliza lile swali.

Nilipaswa kumwambia kwamba boriti iko karibu mno na bomba na kwamba kitu chochote kikavu hakifai kukaa huko. Najua vizuri kwa nini sikusema. Angeuliza, basi jiko lizimwe? Na jiko likizimwa, hana mahali pa kulala. Tena, kumwona akitafuta mahali pa kuni zake kulinifurahisha kupita kiasi. Mwanamke hajengi itara mahali anapopita tu. Nilisikia ombi lake kama kiapo kwamba amekuja kukaa, na mtu anayesikia hivyo haanzi kuzungumza habari za vidole vitatu.

Mwanzoni nilipanda kuangalia. Kuni zilipangwa upande wa nyuma wa dohani, mbali kidogo na bomba, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Niliweka kiganja juu ya boriti. Ilikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe. Nikashuka nimeridhika. Nilipanda tena wiki iliyofuata, kisha nikaacha.

Ile ndiyo miezi bora ya nyumba yangu. Kuni za mama zilishika moto kwa kijiti kimoja. Majirani, waliotoka sehemu mbalimbali na bado walikuwa wageni kwa wageni, walianza kuja kwake kuomba vijiti vikavu vya kuwashia, naye aliwapa na kuwacheka kwamba wanapika kwa matope. Mke wangu, aliyelelewa Nyeri mjini na ambaye mwanzoni aliogopa kuishi na mama mkwe, sasa alikuwa akikaa naye mbele ya jiko wakimenya viazi na kunisema. Niliporudi kutoka ofisini walinyamaza ghafla na kuangua kicheko. Mke wangu alikuwa mjamzito.

Mara mojamoja kulikuwa na harufu. Mke wangu aliitaja kwanza. Alisema inafanana na mkate uliokaa motoni zaidi ya kawaida. Mama alisema ni kuni za mwati zinakauka. Nami nikasema ni mwati unakauka.

Mtoto alizaliwa katika hospitali ya misheni, msichana, na kwa kuwa alikuwa binti wa kwanza alipewa jina la mama yangu, kama ilivyo kawaida yetu. Mama alimchukua akamtazama uso kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya mzaha kwamba yeye mwenyewe alikuwa mzuri zaidi. Baada ya hapo hakuna aliyesikia tena habari ya kurudi Kangema.

Kisha wanawake wa kijiji wakaleta itega. Ni desturi nzuri. Mama mzazi hatakiwi kwenda kutafuta kuni, kwa hiyo wanawake humletea, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, na uji na vyakula, wakiingia uani kwa nyimbo. Walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, kwa sababu ya mama. Kila mmoja aliyewahi kuchukua kijiti kwake alirudisha mzigo mzima. Kaka alikuwa amefika kutoka Kangema na mbuzi, na sisi wanaume tulikuwa kwenye uzio wa misonobari tukichoma nyama. Kutoka pale nilimwona mama mlangoni akiwaelekeza wake vijana wapandishe mizigo darini. Walipokezana ngazini wakicheka. Niliona mzigo baada ya mzigo ukiingia. Nilijua upande wa nyuma wa dohani ulikuwa umekwisha kujaa tangu zamani, na kwamba kuni hizi sasa zingefika kwenye bomba lenyewe. Nililiwaza jambo hilo waziwazi kabisa, kwa maneno, huku nikigeuza ubavu wa mbuzi. Nikajiambia nitakwenda kuzisogeza wageni wakiondoka.

Jiko lilikuwa likiwaka tangu asubuhi, limesheheni, maana kulikuwa na chai na mukimo, viazi vya kuponda, kwa watu wote wale.

Tulisikia mvua ya mawe. Hivyo ndivyo wote walivyodhani. Wanawake waliinua nyuso, na mbingu ilikuwa safi. Sauti ilitoka kwenye paa, vigae vikipasuka kimoja kimoja, kisha vingi kwa pamoja. Moshi ukaanza kupenya katikati ya vigae, si mahali pamoja bali paa zima, kama mvuke unaotoka chini ya kifuniko kisichokaa vizuri. Mwanamke mmoja alicheka akasema, tazameni, nyumba nayo inapika. Hakuwa amemaliza kucheka paa lilipofunguka.

Mke wangu alikuwa uani, ameketi juani kati ya wanawake. Mtoto alikuwa ndani. Alilazwa katika chumba kilichopakana na dohani kwa sababu ukuta wake ulikuwa na joto.

Nilikuwa na sahani mkononi. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: nilisimama nayo. Nilisikia mke wangu akipiga kelele, nikamwona kaka akinipita mbio, na miguu yangu haikuondoka. Mama alikuwa mlangoni na kibuyu cha uji. Alikiweka chini kwa uangalifu, akakizungushazungusha kidogo mpaka kikasimama sawa, akarudi ndani. Kaka alipofika mlangoni mbao za dari zilianguka mbele yake na joto likamsukuma nje. Nikamwona anajaribu tena. Nami bado nina sahani.

Mama alitokea upande wa nyuma, kupitia dirisha la chumba, ambalo alikuwa amelivunja kwa kigoda. Alimtoa mtoto kwanza, amefungwa ndani ya shuka mpaka kichwani, akampitishia kaka, aliyekuwa amezunguka hadi huko, kisha naye akavutwa. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinafuka moshi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kutoka kiwiko hadi kwenye kiganja. Mtoto hakuwa na hata alama. Alikuwa akilia kwa hasira ya kuamshwa.

Watu walileta maji ya mfereji kwa ndoo na madebe, lakini mtarakwa mkavu haungoji. Nyumba ambayo ilituzidi umri karibu sote iliisha mbele yetu kabla nyama haijapoa. Ilibaki dohani, imesimama peke yake na lile tundu letu ubavuni.

Watu wakaanza kusema. Hawakusema kwa ubaya. Mmoja wa wake vijana alikuwa akilia, anarudia kwamba kuni alizipandisha yeye kwa mikono yake. Bibi mmoja akasema itara ni kitu cha nyumba ya udongo, juu ya mbao za mzungu haifai, na mwingine akamwambia anyamaze, mzee anasikia. Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi, mkono wake umepakwa samli, anawatazama wanaosema. Kisha akanitazama mimi. Watu walinyamaza wasikie, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

"Baba," aliniuliza, "ni kuni zangu?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma yake. Aliniangalia.

"Ni kuni, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Hakulia. Aliomba radhi kwa mke wangu, akaomba radhi kwa wanawake ambao mizigo yao imeungua. Nilimsikia akiomba radhi kwa watu kuhusu nyumba yangu, na sikufungua kinywa.

Asubuhi yake kaka alikuwa akipekua majivu kwa fimbo, akaniita. Kipande cha ile boriti kilikuwa kimeanguka mapema, kikafunikwa na mawe na matope ya maji tuliyomwaga, kwa hiyo hakikuteketea. Alikigeuza kwa mguu. Pande tatu zilikuwa zimebabuka tu. Ukizikwangua zilinukia mtarakwa mpya. Upande wa nne, chini ya bati la debe, ulikuwa umeliwa. Palikuwa na shimo la mviringo kama bakuli, likifuata umbo la bomba, na ndani yake ni mkaa mtupu, laini, wa kusagika kwa vidole. Bati lilikuwa limelifunika muda wote. Nilipoweka kiganja changu, niliweka kwa juu.

"Hii haikuungua jana," kaka alisema. "Hii imekuwa ikiungua tangu mvua."

 Nilikuwa nalitazama lile bakuli na kufikiri juu ya harufu ya mkate. Miezi yote ile tulikuwa tukila, tukicheka na kulala chini ya kitu kinachoungua, na mtoto alikuwa amelazwa karibu nacho apate joto. Kuni au bila kuni, siku yake ingefika.

"Jana nilikungoja useme," kaka akaongeza. "Mwambie."

Nikamwambia nitamweleza akitulia. Kaka akavuta kofia yake, akaenda kuwasha lori. Mama alikuwa tayari ameketi mbele, mkono umefungwa, kuku wake waliopona wakiwa kwenye kikapu miguuni. Nilimwomba abaki, nikamwambia tutajenga. Akasema nijenge, ni vizuri nijenge, ila mtoto mdogo hawezi kukaa na bibi ambaye hajui tena mahali pa kuweka moto. Alisema kwa upole mwingi, ananifariji.

Nilijenga. Nyumba ya mbao na mabati, jiko likiwa nje, mbali. Kila mwaka nilikwenda Kangema, mama akaja kunilaki nyumbani kwa kaka, na kila mwaka nilijiambia nitamweleza safari hii. Mara ya kwanza kulikuwa na watu. Mara ya pili mkono wake ulikuwa bado unamuuma, nikaona si wakati. Baada ya hapo sababu zilijitafuta zenyewe. Binti yangu alikuwa ameanza shule nilipoingia ndani kwa mama siku moja ya baridi ya mwezi wa saba, bila kutoa habari.

Nyumba ya mama ilikuwa na baridi kama kisima. Tangu utotoni nilizoea kuinama nikiingia, kwa ajili ya moshi. Hapakuwa na moshi. Palipokuwa na mafiga palikuwa pamefagiwa na kutandikwa gunia. Nikainua macho. Hata fito za itara hazikuwepo. Yeye alikuwa ameketi kitandani, amejifunika mablanketi mawili, anachambua maharage. Mke wa kaka aliniambia baadaye kwamba tangu arudi kutoka kwangu hakuwahi kuwasha moto. Chakula aliletewa. Walimwashia moto mara kadhaa, akauzima kwa maji walipotoka. Alisema mikono yake imeharibika, haiwezi kuaminiwa, na wajukuu wanapita humo.

 Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kukutana na hasira yake. Kwa baridi ile sikuwa nimejiandaa.

Nikapiga magoti kwenye lile gunia nikamweleza yote, vidole vitatu, maneno ya fundi, boriti, bakuli la mkaa, na jibu langu pale uani. Alinisikiliza huku akiendelea na maharage. Nilipomaliza aliweka mkono wake wenye kovu kichwani pangu.

"Siku ile ningekuamini," alisema. "Leo umeiona nyumba yangu, unanihurumia."

Nikamwapia. Nikamwita kaka, naye akathibitisha kila neno, mpaka umbo la lile shimo. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, akacheka kidogo, kwa mapenzi, akasema ni vizuri kwamba wanawe wamepatana kwa ajili yake. Tulimwashia moto jioni ile. Asubuhi ulikuwa umezimwa kwa maji.

Aliishi baridi nyingine tatu namna ile. Ya tatu ilimshika kifua, na dawa za hospitali hazikumsaidia. Alikufa Kangema, kwa kaka yangu, katika nyumba isiyo na moto, akiamini kwamba ni yeye aliyeichoma nyumba yangu na nusura amuue mtoto mwenye jina lake. Hakurudi kulala kwangu hata mara moja.